Msemaji wa Calvince

Mimi Seline nauza samaki ufuoni Dunga, lakini ukoo wetu unanijua kwa mdomo. Kuna posa? Naitwa. Kuna ugomvi wa shamba kule Ahero? Naitwa. Kwetu jambo zito mwenyewe haliendei, hutafutiwa msemaji. Kwa hiyo Calvince, mtoto wa kaka yangu anayesomea uhandisi chuoni hapa Kisumu, alipofeli hesabu mara mbili na kuambiwa mshauri wake wa masomo ndiye ataamua kama atabaki au atatolewa, hakwenda kwa mshauri. Alikuja kwangu.

Nilivaa kitenge kipya, nikaingia ofisini kwa mshauri huyo, Daktari Nakhungu, kifua mbele. Calvince akaketi nyuma yangu, macho chini, kama bwana harusi.

"Daktari, huyu kijana si mvivu," nikaanza. "Tumezika nyanya yake, halafu maji ya mafuriko ikaingia kwa nyumba..."

Nilisema, nikasema tena. Mimi mwenyewe nilikaribia kulia.

Daktari alinisikiliza mpaka mwisho. "Asante, Mama. Umeongea vizuri. Sasa nataka kusikia Calvince."

"Yeye anasema tu vile nimesema."

"Kama ni mambo ya posa, Mama, ningekubali hapo hapo. Lakini mtihani, ni nani ataingia?"

Nilifura. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimpashe, Calvince akanigusa bega.

"Waya," akasema, maana ndivyo Wajaluo tunavyomwita shangazi, "wacha niongee."

Akasimama. "Daktari, si matanga, si mafuriko. Hesabu sielewi tangu mwaka wa kwanza, na nilikuwa naogopa kukuuliza. Niliona utasema hii kozi si yangu. Lakini naitaka. Siendi mahali."

Daktari akavua miwani. "Miaka miwili nimengoja uingie kwa huo mlango useme hivyo. Utabaki. Kila Jumanne uje na hesabu, tuanze pale ulipotea. Na uje peke yako."

Nilitoka nimenuna. Mtu mzima, kunyamazishwa na mtoto niliyembeba mgongoni! Lakini getini nilimtazama, akitembea kichwa juu, nikaona fahari imenijaa.

Jumanne ilipofika sikujizuia. Nilimpigia simu asubuhi kumwuliza tukutane wapi.

"Waya, nishaingia," akanong'ona. "Tumeanza. Nitakupigia."