Jina la Mwana wa Mize

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, kabla ya Mapinduzi, hapa hapa Konde. Nimekaa chumbani na dada yangu Mize, mwanawe ametoka kuchukuliwa kwenda kuzikwa, na sisi wanawake tumebaki ndani na msiba wetu. Mara hodi. Kumbe kaka yetu Hamadi, karudi mbio kutoka makaburini, miguu imejaa udongo.

"Mize," akasema, "Shehe anataka kusoma talkini. Anauliza amwite maiti kwa jina gani pale kaburini."

Dada akamtazama. Hamadi akainamisha kichwa.

Utashangaa, mjomba mtu asijue jina la mpwawe? Basi ngoja nikwambie. Kijana yule alizaliwa na uso wa duara, macho ya kupanda, ulimi mzito. Watu wakasema kabadilishwa na shetani, baba yake akaenda zake Tanga, asirudi. Hamadi ndiye aliyempeleka hospitali. Daktari akamtupia jicho tu, akasema, "Huyu ni mongoli." Basi! Hamadi akashuka garini pale sokoni anashangilia: si shetani jamani, ni mongoli, daktari kasema! Akidhani anamtetea. Kumbe ni jina la watu wa nchi ya mbali, kafananishwa nao kwa macho tu, nao wametukanwa bure. Soko zima likalidaka. Mongoli njoo, Mongoli teka maji. Mwenyewe akiitika, akicheka. Hata sisi nyumbani tukamwita hivyo, na tulimpenda, wallahi.

"Hata kaburini, Hamadi?" dada akasema. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. "Faki. Mwambie Shehe ni Faki, mwana wa Mize. Nilikuwa nikimwita jina hilo peke yangu kila anapolala, asije akalisahau."

Hamadi akaondoka analia. Dada hakusema naye tena mpaka anakufa.

Siku hizi madaktari wenyewe wamelitupa neno lile, wanaona haya kulitamka. Lakini kulitupa huko kumemfaa nini Faki? Na nyinyi nawasikia hapo barazani mnavyomwita yule mtoto wa jirani aliye kama Faki. Mmepata maneno mapya, ubaya ule ule. Nachoka, mwanangu.

Daktari akikutajia maradhi ya mtu, yaache huko huko hospitali. Mtu mwite kwa jina alilopewa na mamake. Mwenyezi Mungu akulindie ulimi wako, na siku yako ikifika, asikose mtu pale kaburini wa kukutaja kwa jina lako.