Mbuzi Aliyekula Nailoni Zangu

Nakumbuka mwaka ule tulikula mbaazi asubuhi, mchana na jioni, mpaka wageni wakawa wanachungulia sufuria kabla ya kuketi. Ndio mwaka niliozaa mtoto wa kwanza, hapa Kalamba. Maziwa yangu yalikuwa machache, kwa hivyo mtoto alinyweshwa ya mbuzi wa mama mkwe.

Mwanangu, mama mkwe alikuwa na shimo la mbolea nyuma ya zizi: maganda, mabua, majivu, mavi ya mbuzi. Aliniambia karatasi za nailoni nizitenge. Mimi nikaona ni maneno ya uzee, taka ni taka. Nikatupa zote humo, halafu nikaibeba mbolea kwa karai mpaka kwenye matuta, nikijisifu kwa haraka yangu.

Mbuzi alifungwa hapo kando ya matuta. Akaanza kukonda huku tumbo likivimba, na kabla mahindi hayajachanua akafa. Alipopasuliwa tukakuta donge la nailoni. Mama mkwe hakupiga kelele. Aliliweka mkononi mwangu.

"Mke wa Kioko, haya ndiyo maziwa ya mwanao. Mpe anywe."

Nilizunguka shamba lote nikichuna nailoni kwa vidole, mtoto mgongoni akilia njaa.

Juzi mjukuu wangu Mwende, anayesoma chuo, aliniambia, "Susu, viwanda vinatoa moshi kutwa. Kashimo kako kataokoa dunia gani? Changanya tu, tuchome."

Nikamjibu, "Sichanganyi, na sichomi."

Akacheka, akaniita mbishi kama punda wa kubeba maji. Nikamvuta mpaka shambani. Kwa jirani anayechoma mabua, udongo ulikuwa mgumu kama sahani. Wangu niliuchimba kwa kidole, wiki ya tatu bila mvua, ukatoka na unyevu. Mwende akauliza minyoo wote hao wametoka wapi. Nikamwambia nimewalisha mimi.

Kama nasaidia dunia nzima sijui, sijaizunguka. Hata nailoni ninazotenga bado zinajaa gunia. Heri msizilete nyumbani kabisa. Lakini ekari hizi mbili nazijua, zinakula na zinatulisha, na mbuzi wangu wanatafuna majani.

Basi, mwanangu, tenga taka jikoni, mikono ikiwa bado na maji. Kilichotoka shambani kirudi shambani. Mungu akupe mvua, na udongo wa kuishika. Na ukija kwangu na kiberiti, nitakuambia nilivyomwambia Mwende: Sichanganyi, na sichomi.