Kompyuta Tuliyoipeleka Ruangwa

Vumbi linapoungua ndani ya mashine lina harufu yake. Si ya kuni wala ya plastiki ichomwayo jalalani. Ni harufu kavu, kama ya pasi ya mkaa iliyosahauliwa juu ya nguo, na hukaa puani hata ukitoka nje. Hivi karibuni niliisikia ofisini kwetu, hapa Mtwara, ikitoka kwenye kompyuta ya zamani ya masijala. Feni ikaanza kukwaruza, wenzangu wakacheka, mmoja akasema hilo ni trekta, lipelekwe shamba. Nami nilicheka. Halafu nikatoka, nikasimama kwenye kivuli cha ukuta, kwa sababu nilikuwa nimesharudi Nachingwea, nina miaka kumi, ufunguo wa nyumba unaning'inia shingoni kwa uzi wa katani.

Tulikuwa wawili katika nyumba ile, Baba na mimi. Kabla ya hapo tulikuwa watatu. Mama alikuwa muuguzi, na mwaka ule alihamia zahanati moja upande wa Nandagala, wilaya ya Ruangwa. Mimi niliambiwa ni uhamisho. Neno hilo nililijua vizuri, maana walimu wetu walihamishwa kila mara, wakaondoka na magodoro yao juu ya lori, na hakuna aliyelia. Mama naye aliondoka na godoro lake. Nilimuuliza tu atarudi lini, akaninyooshea kola ya sare yangu ya shule na kusema, "Nikipata nafasi, mwanangu." Baba alikuwa uani, anaosha baiskeli iliyokuwa safi tangu asubuhi.

Kompyuta Mama aliiacha, kwa kuwa zahanati ile haikuwa na umeme. Alikuwa ameinunua ikiwa imeshatumika, wakati anasoma kozi yake, na mtaani kwetu hakuna nyumba nyingine iliyokuwa nayo. Kioo chake kilikuwa kinene kama televisheni, na kando yake lilisimama sanduku la bati la rangi ya maziwa yaliyolala. Ukiiwasha, kitu cha kwanza kuona kilikuwa picha ya Mama mwenyewe, amevaa gauni jeupe la kazi, amekunja uso kwa jua kana kwamba anataka kumgombeza mpiga picha.

Msimu wa korosho mtaa wetu ulikuwa mkiwa. Wenzangu wakitoka shule waliifuata mikorosho ya wazazi wao, kuokota, na walirudi jioni mikono imechafuka kwa utomvu wa mabibo. Sisi hatukuwa na shamba karibu. Baba alikuwa mpima mizani kwenye ghala, na wakati wa msimu alirudi baada ya magharibi, ananuka magunia. Kwa hiyo mchana wote nilikuwa mimi, kuku wa jirani, na kompyuta.

Nilicheza karata za kwenye mashine. Nilifungua picha ya Mama, nikaifunga, nikaifungua tena. Mashine ilikuwa na mngurumo, na mwanzoni ulikuwa mdogo, kama wa mtu anayekoroma chumba cha pili. Niliupenda. Nilikuwa naiwasha hata kabla ya kuvua viatu, halafu naenda jikoni kupasha kiporo, na kutoka jikoni nikiusikia niliona kama nyumbani kuna mtu.

Mvua zilipokuja, umeme ukawa wa kupanda na kushuka, na mngurumo ukabadilika. Ukawa wa kukwaruza, kama ufuta unaotikiswa ndani ya kopo, halafu kama kopo lenyewe linalokokotwa barabarani. Siku nyingine mashine iligoma kuwaka mpaka niibembeleze mara kadhaa. Siku nyingine iliwaka, ikapiga kelele, ikajizima katikati ya karata. Niliipiga kwa kandambili. Nilichomeka kipande cha boksi chini yake. Jambo lingine nililofanya linanichekesha hadi leo: nilikuwa naiwekea kiganja juu ya bati na kuiuliza, kwa sauti ya Mama anapohudumia wagonjwa, "Haya, leo unajisikiaje?"

Baba alijaribu dawa yake. Alichukua mafuta ya cherehani, akadondosha kidogo kwenye feni ya nyuma, na kwa siku chache mashine ikatulia. Kisha ikarudi na kelele mbaya zaidi, na harufu ile ya pasi. Mchana mmoja ikalia kama mbuzi, ikatoa mlio mkavu, ikanyamaza. Nilibonyeza swichi mpaka kidole kikauma. Picha ya Mama haikutokea.

Baba aliporudi nilimwambia. Aliinama, akainusa, akabaki ameiinamia muda mrefu kuliko mashine ile ilivyostahili. Halafu akasema, "Jumamosi tutaipeleka kwa fundi. Ruangwa."

Alilifunga lile sanduku kwa kanga ya Mama iliyobaki kabatini, ya maua mekundu, akalipakata mapajani njia nzima. Barabara ilikuwa na mashimo, na kila gari lilipodunda Baba alilikumbatia. Baba hakuwa mtu wa maneno.

Kibanda cha fundi kilikuwa karibu na stendi. Fundi mwenyewe aliitwa Sefu, mtu mnene, mcheshi, redio yake haizimwi. Tulipofika, Mama alikuwa tayari ameketi kwenye benchi. Alikuwa amepaka wanja. Nilidhani anakwenda harusini.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivi? Mnakula nini huko?"

"Hujambo, Mama Zuhura," Baba alisema, bado ameipakata mashine.

"Sijambo. Habari za Nachingwea?"

"Nzuri tu. Umeme ndio unasumbua."

Mama aliitazama kanga, akasema taratibu, "Hiyo ni yangu," na Baba akaanza kuifungua kwa haraka mpaka fundo likamshinda, ikabidi Mama amfungulie.

Sijawahi kumsikia Baba akiongea kama siku ile. Alimweleza Sefu jinsi ilivyoanza, jinsi ilivyonguruma, jinsi alivyotia mafuta, na akauiga mlio wenyewe mpaka watu wa kibanda cha jirani wakageuka. Lakini alikuwa anamtazama Mama.

"Tangu lini?" Mama aliuliza.

"Tangu ulipo... tangu mvua zilipoanza."

Sefu alifungua bati. Ndani kulikuwa na vumbi lililoshikana kama sufi ya mto, na pembeni dondora alikuwa amejenga kijumba chake cha udongo. Nikanyoosha kidole kwenye kiboksi cha juu, chenye feni, Sefu akanidaka mkono. "Hapo usiguse, dada. Hiyo ndiyo pawa saplai, inapokea umeme wa ukutani na kuugawia mashine nzima. Hata ukichomoa waya, bado ndani umejificha umeme." Akaifungua mwenyewe, akachungulia, akatikisa kichwa. "Feni imekufa, na hivi vidude vimevimba, mnaona? Hii haina dawa. Nawawekea nyingine."

Alichomoa nyingine kwenye mashine mbovu iliyokuwa chini ya meza. Wakati anaifunga, sisi watatu tulikaa kwenye benchi, mimi katikati, nikila karanga alizoniletea Mama. Redio iliongea peke yake.

Sefu akaunganisha kioo chake, akabonyeza. Haikunguruma. Picha ikatokea, Mama na jua lake, na Sefu akapiga makofi. "Kumbe mama mwenyewe ndiye huyu!"

"Bado mmeiweka hiyo?" Mama aliuliza.

"Hatujui kuibadilisha," Baba alisema.

Mimi nilijua kuibadilisha. Nikaendelea na karanga zangu.

Tulikula wali kwa mama ntilie, Mama akinitolea miiba ya samaki kana kwamba bado nina miaka mitatu. Gari la kurudi lilipoita abiria, aliifunga mashine kwa kanga ile ile, akakaza fundo, akamuuliza Baba, "Kuna lingine?"

Baba aliangalia gari, akaangalia sanduku. "Hapana. Nadhani lilikuwa hilo tu. Pawa saplai."

"Haya. Mfike salama."

Jumatatu nilitoka shule mbio. Niliwasha kompyuta, nikaenda jikoni, nikasikiliza. Hakukuwa na kitu. Nilirudi nikaweka sikio kwenye bati. Ilikuwa inafanya kazi, imepoa, nzima kabisa, na nyumba nzima ilikuwa kimya hata nikasikia kuku wa jirani wakichakura uani. Hapo ndipo nilipolia kilio ambacho sikukilia siku ya godoro. Baba alinikuta bado nimekaa chini.

"Imeharibika tena?"

"Hapana. Ni nzima."

Alisimama na baiskeli yake mlangoni, hajui pa kuiweka. Mwishowe aliilaza, akaketi nami sakafuni, akanimenyea ming'oko, viazi vile vya porini, aliyonunua njiani, mmoja baada ya mwingine, mpaka giza likaingia na hakuna aliyeinuka kuwasha taa.

Mama hakurudi. Talaka ilikuja baadaye, bila ugomvi, nami nikazoea kuwa na nyumba mbili. Nilikuwa mtu mzima, ninafanya kazi, niliposikia upande wa pili wa siku ile. Tulikuwa Nandagala, Mama anapepeta ufuta, nikamkumbusha Sefu na makofi yake. Alicheka, kisha ungo ukasimama mikononi mwake.

"Wewe unadhani Nachingwea hakukuwa na fundi?" alisema. "Walikuwepo, nyuma ya soko pale. Baba yako aliponipigia simu kwamba anakuja na kompyuta, nilielewa. Nikaomba ruhusa kazini ya wiki nzima. Nikasema, akitamka tu nirudi, napanda gari nao. Basi nikakaa pale, nikasubiri. Akanieleza habari za feni."

Safari iliyofuata ya Nachingwea nilimuuliza Baba kwa nini hakutamka. Amezeeka sasa, masikio yanamsumbua, ilibidi niulize mara mbili, na mara ya pili niliuliza kwa sauti ya juu mno. Alitazama mikono yake.

"Ningeanzaje?" alisema. "Fundi alikuwa pale anasikiliza. Na wewe ulikuwepo." Kisha akaongeza, "Nilidhani ameona nimekuja, inatosha."

Kwa miaka mingi nilipokuwa nawasimulia marafiki zangu utoto wangu, siku ya Ruangwa niliihesabu miongoni mwa siku nzuri: tulikuwa watatu, tulikula samaki, na hakuna aliyepandisha sauti. Mtoto hajui kutofautisha amani na watu wawili wanaongojeana.