Mdomo wa Bomba

Bomba lililokatwa vizuri hujulikana kwa kidole kabla ya jicho. Nililijua hilo kwenye karakana yetu ya Mandewa, wiki ile niliyotengeneza magongo ya shangazi.

Shangazi yangu anaishi Kinyangiri, na alikuwa amevunjika paja. Mfupa ulishaunga, hospitali wakamruhusu kutembea, lakini magongo ya mbao aliyochongewa na jirani yalikuwa marefu, yakamchubua makwapa. Akayatupa, akarudi kitandani. Aliponipigia simu hakuulalamikia mguu.

"Ng'ombe wangu wamenisahau," alisema. "Jana yule mwekundu kapita dirishani, nikamwita, hata sikio hakutikisa."

Nikamwomba binamu yangu, mwanawe, amsimamishe ukutani ampime toka kwapani hadi chini. Namba aliyonitumia nikaiandika kwenye daftari na kuipigia mstari.

Mwenzangu karakanani ni fundi wa kuchomelea, mtani wangu, mwenye ulimi mkali kuliko grenda yake. Alipoiona ile namba alisema tukate mabomba kwa kipimo hicho, tuchomelee, tupeleke. Nikakataa. Nilitaka kila gongo liwe na mabomba mawili, jembamba likiteleza ndani ya nene, yenye matundu na bolti ya kufungia, ili urefu uweze kubadilishwa.

"Kwani shangazi yako bado anakua?"

"Akikua, akipungua, magongo yatamfuata."

Kwa kazi ya namna hiyo, kifaa cha kukatia ndicho kila kitu. Tulikuwa navyo vitatu. Nikakusanya vipande vya mabaki, nikaanza kuvijaribu.

Grenda ilimaliza haraka, lakini bomba letu lilikuwa la chuma chepesi. Ukingo ulishika moto, ukageuka bluu, ukaota miba, na mkato wenyewe ukaenda upande. Nikachukua kikatio cha gurudumu, kile unachokibana kwenye bomba na kukizungusha huku ukikaza kidogo kidogo. Mkato wake ulinivutia: umenyooka, unang'aa, kama wa kiwandani. Nikaona sina haja ya kujaribu cha tatu. Nikakata mabomba manene yote mawili ya magongo.

Bomba jembamba likagoma kuingia.

Nikatia kidole kwenye mdomo wa lile nene. Ukingo ulikuwa umejikunja kwa ndani, kidogo sana, jicho lisingeuona. Gurudumu lile haliondoi chuma kama msumeno. Hukisukuma, nacho hukimbilia ndani.

Mtani akachukua nyundo. "Ngoja nilibembeleze."

"Likiingia kwa nyundo litatoka kwa nini? Shangazi analala na nyundo?"

Akaiweka chini. "Hapo umenipata."

Bahati nzuri nilikuwa nimeacha ziada ya vidole viwili. Nikachukua kifaa cha tatu, msumeno wa chuma wa mkono, nikaufungia wembe wenye meno madogo, maana meno makubwa hung'ata bomba jepesi na kukwama. Nikalizungushia bomba ukanda wa karatasi mpaka kingo zake zikakutana sawasawa, nikachora mstari kuufuata. Nikalibana kiasi, lisibonyee, nikakata huku nikiligeuza.

"Mtani, unakata bomba au unashona kanzu?"

"Nashona. Wewe andaa pasi."

Nilipomaliza nikapitisha tupa ya mviringo ndani, kidole kikakubali. Nikasimamisha bomba nene, nikaachia jembamba mdomoni mwake. Likateleza lenyewe hadi chini. Mtani hakutania. Alisema tu, "Leta nichomelee."

Jumamosi jioni nilifika Kinyangiri, ng'ombe wakiwa wameshaingia zizini.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Ndiyo miguu yenyewe hiyo?"

Nikafunga bolti kwenye tundu lililolingana na namba ya daftari. Akainuka, akapiga hatua mbili, akasimama.

"Makwapa," alisema.

Nikaitazama namba, nikamtazama binamu. Akaangua kicheko. "Siku ile nampima alijinyoosha kama askari wa gwaride!"

"Ulitaka nipimwe nimejikunja kama mgonjwa?" shangazi akamjibu.

Kumbe akitembea huinama mbele, macho chini. Kipimo changu hakikuwa chake, lakini mkato ulikuwa sahihi. Nilifungua nati kwa vidole, nikayashusha magongo kwa matundu mawili, nikafunga. Hakuna kilichogoma.

Shangazi akatoka nje bila kushikwa. Binamu alitaka kumfuata kwa karibu, akafukuzwa kwa kiwiko. Alipofika kwenye lango la zizi akamwita yule mwekundu. Ng'ombe akaendelea kucheua. Akamwita tena, safari hii akagonga magongo yake, moja kwa jingine, chuma kikalia. Zizi zima likageuza vichwa.

"Umewaona?" shangazi akaniambia. "Walikuwa wanajifanya tu."