Fimbo ya Ethi Niliyoikata

Baba na mama walipofariki niliacha shule, nikiwa darasa la sita. Ndugu za baba walikuja Kawajense kutugawana: wadogo zangu wawili waende Kapalamsenga, mmoja kwa shangazi. Nikasema hapana, watakaa na mimi. Nikapata kibarua cha kuchimba mashimo kwa mafundi wa umeme. Wenzangu, wanaume watupu, waliniita Bibi Sururu.

Mwaka ule, mwishoni mwa kiangazi, tulifunga kinga mpya za radi kwenye nguzo ya transfoma nyuma ya soko la Kashaulili. Kazi yangu ilikuwa kupigilia fimbo ya ethi, chuma cha kuzamishwa ardhini, kirefu kunifika puani, ili radi ikipiga laini ishuke kwa waya mpaka ardhini, isiingie kwenye transfoma na majumba ya watu. Ilifika nusu ikagonga mwamba. Fundi mkuu alikuwa ameenda kula, na juzi yake tu alikuwa amemfukuza kibarua mmoja kwa uzembe. Nikaikata kwa msumeno wa chuma, nikafukia kwa chumvi na mkaa vya kusaidia umeme kuzama ardhini, kama tulivyozoea. Kipimo cha ethi kilikuwa kimepelekwa Sumbawanga, kwa hiyo hakuna ambaye angepima. Fundi alirudi, akafunga waya, akanisifu.

Tangu siku hiyo kila wingu nililihesabu kuwa langu.

Wiki ya pili, saa nane mchana, anga la magharibi likawa jeusi. Laini ilikuwa imezimwa tubadilishe fyuzi kwenye nguzo ileile. Fundi alikuwa anajifunga mkanda wa kupandia.

“Haraka, tuwashe kabla haijanyesha.”

“Fundi, usiwashe.”

“We chumvi, utayeyuka?” Wenzangu wakacheka.

“Fimbo ya hapa ni nusu. Niliikata.”

Kicheko kikakatika. Ngurumo ikapita juu yetu.

“Wadogo zako wanakula kwa kazi hii, ukaifanyia hivyo?”

“Ndiyo maana niliikata. Nilikuogopa.”

Akavua mkanda, akautupa chini. “Kule bombani udongo una maji. Nyie wote, chimbeni!”

Tulichimba mtaro wa kulaza waya kutoka kwenye nguzo mpaka bombani, matone makubwa yakitupiga migongoni. Hapo fimbo mpya ilizama yote. Fundi alipomaliza kukaza waya tulikimbilia kibaraza cha duka, tukatazama radi ikipasua anga.

“Nyingine ulizopigilia peke yako ni ngapi?” Fundi akaniuliza.

“Nne.”

“Fupi?”

“Hakuna.”

“Kesho utafukua zote.”

Nilifukua siku mbili, yeye amesimama juu ya shimo na kamba ya kupimia yenye urefu wa fimbo nzima. Sikuwaambia wadogo zangu kitu. Fimbo ya nne ilipofika mwisho wa kamba, aliikunja kamba taratibu, akaangalia viganja vyangu vilivyochubuka.

“Fukia. Ukimaliza panda gari, kuna nguzo inatusubiri.”