Jogoo wa Bibi Mwaisha

Ko, ko, ko. Kwa miaka kumi na moja watu wa misheni ile ya mlimani, mwendo wa saa mbili juu ya Kilakala, waliamka kwa sauti hiyo kabla ya kengele. Alikuwa Dominiko, akigonga nguzo za kanisa kwa fimbo ya mpera, sikio kalilaza juu ya mti, akitafuta mchwa. Nguzo nzima ilimjibu. Nguzo iliyoliwa ilinong'ona, naye aliisikitikia kama mgonjwa.

Dominiko ndiye aliyekuwa msimamizi wa mali ya misheni. Ghala, mfereji, migomba na banda la kuku vilikuwa mikononi mwake. Kiunoni alining'iniza funguo kumi na nne. Mbili hazikufungua kitu chochote, ila alizibeba kwa kuwa alizikuta, na kilichokutwa hakitupwi.

Mwaka wa pili tangu gari la moshi lifike Morogoro, akaletwa Bruda Alois, Mdachi fundi seremala, kuja kuondoa nyasi za paa na kuezeka bati. Bruda alikuwa mtu wa mbio. Kwa siku tatu nyasi zote zilikuwa chini, wakati bati sitini zingali mjini, kwenye baraza ya duka la Dhirajlal. Akisubiri wapagazi, akaomba daftari la mali. Padri mzee, ambaye macho yalikuwa yamemchoka, alikuwa akilitia sahihi kila mwaka bila kulisoma. Bruda akalisoma.

"Dominiko, njoo. Hapa umeandika, mwezi wa kumi, jogoo mmoja kafa. Mwaka uliofuata, mwezi wa kumi, jogoo mmoja kafa. Kumi na mmoja! Ugonjwa gani huu unaojua kalenda?"

Dominiko akatazama miguu yake. Hakuwa hodari wa uongo. Huo mmoja alikuwa nao, na ulikuwa umezeeka.

"Hawakufa, Bruda. Ni ngoto."

Akaeleza. Milima hii ina wenyewe. Anayelima au kujenga kwenye ardhi ya ukoo wa watu hupeleka kitu kidogo kila mwaka kabla ya mvua, akakiri kwamba yupo kwa watu. Si bei, ni adabu. Na ardhi ya misheni ni ya ukoo wa Bibi Mwaisha, aliyekalia kiti cha ukoo tangu kaka yake afariki.

Bruda akafungua sanduku, akatoa karatasi yenye muhuri wa tai. "Serikali imetuandikia. Misheni haina mwenye nyumba. Umekula majogoo kumi na mmoja, kisha unamsingizia bibi kizee. Lete funguo. Na wapagazi uwatafute wewe. Mvua ikinyesha kanisa halina paa, uondoke misheni wewe na mkeo."

Funguo zikaenda zikilia. Mwezi wa kumi ukapita bila jogoo.

Bibi Mwaisha hakugombana na mtu. Alilaza tawi moja bichi katikati ya njia ya kupandia, alama ya kwamba mwenyewe kaifunga, akarudi kwake kuchambua maharage. Kuanzia siku hiyo hakuonekana mpagazi. Huyu alikuwa na mgongo, yule alikuwa na msiba, wa tatu alisema bati humtia kizunguzungu. Dhirajlal akapeleka salamu: "Mwambieni Bruda baraza yangu si ghala. Wateja wanaruka bati kama mbuzi."

Bruda akashuka mwenyewe, akajitwika bati mbili. Kwenye kona ya juu upepo wa mlima ukazishika. Waliokuwa shambani waliona mtu mwenye ndevu akishuka kwa mbio ambazo hakuzikusudia, hadi mgomba ukampokea.

Jioni Veronika, mke wa Dominiko, akapakua ugali kwa hasira. "Tukifukuzwa tutalala wapi? Nenda umwambie Bibi ukweli, kwamba Wadachi wameandikiana ardhi yake."

"Mimi? Nianzie wapi?"

"Anzia mwanzo!"

"Yule mama hajui kama kuna karatasi, Veronika. Kila mwaka hunikaribisha kama mwenye mali akaribishavyo mgeni wake."

Veronika akaenda kumkamata jogoo wake mwenyewe, mwekundu, aliyempenda kuliko baadhi ya shemeji zake.

Asubuhi wingu jeusi lilikuwa limekaa juu ya kilele. Bruda, uso una mikwaruzo ya mgomba, akachukua karatasi. "Twende kwa huyo bibi. Ataiona kwa macho yake." Kiswahili alikijua, Kiluguru hakukijua. Dominiko ndiye mkalimani.

Walimkuta uani. Dominiko akapiga goti, akamwamkia. Bibi akamtazama Bruda toka viatuni hadi ndevuni, akasema kwa Kiluguru, "Ndiye huyu aliyelivua kanisa nguo mvua ikija?"

"Anasemaje?" akauliza Bruda.

"Anasema karibu."

Bruda akaikunjua karatasi, akaitikisa, akasema kwa nguvu habari za serikali, mipaka na muhuri. Katikati ya maneno jogoo akawika ndani ya kanzu ya Dominiko.

"Nini hiyo?"

"Wa mke wangu, Bruda. Anapenda matembezi. Endelea."

Bruda alipomaliza, Dominiko akatafsiri. Alitafsiri polepole, kichwa kimeinama, mikono imekutana. Bibi Mwaisha akasikiliza mpaka mwisho. Akanyoosha mkono, akampigapiga Bruda begani, akamwambia Dominiko maneno machache.

"Bati zitapanda kesho," Dominiko akasema.

Wakishuka, Bruda alitembea kama aliyeshinda vita. "Umeona? Watu huheshimu muhuri. Na jogoo wako?"

"Kapenda huko, Bruda."

Kesho yake tawi halikuwapo. Wanaume thelathini walipanda wakiimba, bati zikinguruma vichwani mwao, na kwa siku nne misumari ikalia kutwa. Siku ya mwisho Bibi Mwaisha akaja na fimbo yake, akazunguka kanisa, akashika kuta, akampigapiga Bruda tena begani, akaenda zake. Mvua ikaanza kabla hajafika kwake. Paa halikupitisha tone.

Bruda Alois akasimama mlangoni akiitazama mvua. Hakuwa mjinga, alikuwa na haraka tu. Akaitoa karatasi mfukoni, akaikunja ndogo, akairudisha. Kisha akafungua mkanda, akampa Dominiko funguo zote kumi na nne.

"Siku ile," akasema, "kwa nini alinipiga begani kama mtoto aliyesamehewa? Ulimwambia nini kuhusu karatasi?"

Dominiko akafunga funguo kiunoni, moja moja, bila kuinua macho.

"Nilimwambia," akasema kwa sauti ndogo sana, "ni barua yako ya kuomba radhi kwa kuchelewesha jogoo."