Pikapu ya Baba au Kiti cha Ndege

Hebu mfikirie anavyofika kazini asubuhi. Kabla hujamwona, umeshamsikia. Pikapu inaanza kukohoa kule kwenye kona ya duka la saruji. Inakohoa mara mbili, inanyamaza kama inayotaka kukumbuka neno, halafu inaanza kukwaruza kama mtu anayeburuta madebe matupu juu ya kokoto. Muuza chai wa getini akiisikia hamimini tena kwa mwingine, anajua kikombe hiki kina mwenyewe. Naye Mpaka Rangi, anayepulizia magari rangi kwenye kibanda cha pili, anaziba masikio na kupaza sauti: "Jamani, daktari wa kelele huyo, na mgonjwa wake!"

Utani huo una mzizi. Mtu huyu kazi yake ni mabomba ya moshi. Gari linaletwa kwake likinguruma kama mashine ya kusaga, linaondoka linanong'ona. Ndiyo maana pale uani wamembandika jina la Fundi Kimya. Ana mashine ya kuchomelea, ana jeki iliyochoka, ana miwani nyeusi iliyofungwa kwa kamba ya kiatu. Wateja wake wanamsifu mji mzima. Lakini pikapu yake mwenyewe, wee! Mganga hajigangi.

Msije mkadhani ni uvivu. Ile pikapu ilikuwa ya baba yake, aliyekuwa akibeba makabati na vitanda vya watu wanaohama nyumba. Bomba lilipasuka zamani, karibu na injini, mzee akakataa kata kata kulitengeneza. "Nikiliziba," alikuwa akisema, "mama yenu atajuaje nimefika?" Na kweli, mama alikuwa akiusikia mlio ule tangu kwenye njia panda, anaacha alichoshika, anabandika maji ya kuoga. Mzee akishuka anakuta maji yanatoa mvuke. Hawakuwa watu wa kuambiana maneno matamu. Bomba bovu lilikuwa linawatosha.

Mzee alipokwisha kuzikwa, mama alichukua ufunguo wa pikapu akamwekea kitindamimba wake mkononi, akamkunja vidole juu yake. "Nenda nayo, Mziwanda. Hapa itaniumiza masikio ikiwa imesimama tu." Jina la kwenye vyeti waliliita walimu na wenye ofisi. Kwa mama alikuwa Mziwanda, mtoto wa mwisho, basi. Hakuna mwingine duniani aliyemwita hivyo, wala yeye hakumruhusu mwingine.

Kazi ilikuwa upande wa pili wa nchi, naye akaifuata. Mwanzoni alikuwa akienda kumwona mama. Kisha watoto wakaanza shule, wateja wakaongezeka, kwenda kukawa kupiga simu. Mnajua inavyokuwa. Mtu hasemi "siendi", anasema "nikimaliza hili."

Jumapili moja alipiga simu kama kawaida. Dada yake, anayeishi na mama, akaiweka sikioni mwa mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, kijana. Hujambo?"

"Sijambo, mama. Ni mimi."

"Ndiyo, ndiyo," alisema mama kwa adabu, vile mtu anavyomwambia mgeni ambaye hataki kumuumbua. "Umefanya vizuri kupiga. Na mama yako, hajambo?"

Fundi alikuwa ameegemea ukuta wa sebule. Aliuegemea zaidi.

"Hajambo," akasema. "Anakusalimu sana."

"Mwambie nimezipokea."

Dada akaichukua simu, akatoka nayo nje. Fundi alisikia mlango ukifungwa. "Umesikia mwenyewe, mdogo wangu. Juzi aliniita shangazi. Leo tangu asubuhi ananiita nesi, tena ananishukuru. Kuna siku anaamka na akili zake zote, anauliza habari za kila mtu. Lakini siku hizo zinapungua. Kama unataka akuone na akujue, usingoje."

Mkewe ni mshonaji wa mapazia. Alikuwa amezungukwa na kitambaa cha kijani mpaka kiunoni, na alikuwa amesikia kila kitu.

"Ndege," alisema kabla mumewe hajakaa. "Asubuhi uko hapa, mchana uko mlangoni kwa mama. Hilo si la kuitishia kikao."

"Nilikuwa nafikiria pikapu."

"Pikapu!" Aliondoa mguu kwenye cherehani. "Kutoka ncha hii ya nchi mpaka ncha ile, na hilo kopo? Wahenga walisema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Wewe, baba watoto, utamkuta mama si wako."

"Ndege sijawahi kupanda."

"Na jeneza hujawahi kupanda. Siku yako ikifika utasema unataka pikapu?"

Fundi alicheka, maana mke yule akikupiga kwa maneno huna budi kucheka ili usilie. Ila hakuwa na namna ya kumweleza. Alikuwa akiona ndege kama mkono mkubwa unaokuokota hapa na kukuweka pale, hujapewa muda wa kuwa mtoto tena njiani. Alitaka barabara imrudishe polepole, mji kwa mji, mpaka akifika awe ni yule yule aliyeondoka. Mtu mzima hasemi maneno kama hayo mbele ya cherehani. Akasema tu, "Nitahitaji gari nikiwa kule."

Walivutana siku mbili. Mwishowe mkewe akalegeza kidogo. "Haya, kama lazima iwe pikapu, itengeneze kwanza. Sitaki umfikie mama yako ukiwa kiziwi, mkawa wawili msiosikilizana."

Na hapo ndipo mikono ilipomponza mwenye mikono. Fundi ni fundi. Ukimwambia safari ndefu na bomba bovu katika sentensi moja, vidole vinamwasha. Aliingiza pikapu kibandani, akalala chini yake, akalikata lile bomba la mzee, akalitupa kwenye lundo la vyuma chakavu nyuma ya uzio. Akaweka jipya, akafunga na sailensa mpya ya kumeza mlio, akachomelea viungo kwa uangalifu ambao hata wateja wake hawajauona. Alipowasha injini, Mpaka Rangi alitoa kichwa kwenye kibanda.

"Imezimika?"

"Inawaka hiyo."

"Acha uongo!" Akaja mpaka akaweka kiganja juu ya boneti. "Mungu mkubwa. Leo nitapiga rangi mkono usitetemeke."

Jioni Fundi akaendesha kurudi nyumbani, pikapu inateleza kama paka juu ya zulia. Akafika, akasimama mbele ya nyumba. Hakuna aliyetoka. Kila siku mlango huwa unafunguliwa kabla hajazima moto, taa ya nje inawashwa, mtoto mmojawapo anakuja kupokea mfuko. Leo ilibidi abishe hodi kwake mwenyewe.

"Umeingiaje kama mwizi?" alishangaa mkewe.

Alicheka tena, lakini kitu kilimfinya. Akampigia dada yake kumweleza kwamba atakuja kwa gari, na kwamba asiwe na wasiwasi, gari sasa limetulia, halipigi kelele hata kidogo.

Dada akamkatiza.

"Umeliziba?"

"Nimebadilisha bomba zima."

"Aa, mdogo wangu." Akavuta pumzi. "Kosa langu, sikukwambia. Kila jioni anataka kiti chake kiwekwe dirishani. Likipita lori, anainua kichwa. Ikipita pikipiki mbovu, anashika mikono ya kiti, anainuka nusu. Halafu anakaa. 'Siye,' anasema. Kila jioni. Sura zote zimemtoka, lakini mlio ule haujamtoka."

Asubuhi iliyofuata Mpaka Rangi alimkuta Fundi nyuma ya uzio, yuko ndani ya lundo la chakavu mpaka magotini, anarusha bampa na rimu huku na huku.

"Unatafuta nini, Kimya? Umepoteza pete?"

"Bomba langu."

"Lile bovu?"

"Njoo unishikie, acha maneno."

"Miaka yote unaziba, leo unatoboa! Nani kakuroga?" Lakini alishika. Wakalifungua jipya, wakalirudisha la zamani lenye kutu na ufa wake, likafungwa vile vile lilivyokuwa. Fundi akawasha. Pikapu ikakohoa mara mbili, ikanyamaza, ikaanza kukwaruza. Muuza chai getini akamimina kikombe bila kugeuka.

Fundi akampigia dada yake. "Ipeleke simu sikioni kwake. Usimwambie kitu." Akaiweka simu yake karibu na bomba, akamwambia Mpaka Rangi akanyage mafuta. Kisha akaiinua, akasikiliza.

Kwanza, mkwaruzo wa kiti. Halafu sauti ya mama, siyo ile ya adabu ya Jumapili, bali sauti ya mwenye nyumba, kali kidogo, yenye haraka.

"Mbona hamjabandika maji? Hamsikii mzee anafika?"

Fundi alikaa juu ya tairi. Mpaka Rangi alizima injini, akageuka upande mwingine, akajifanya anatafuta msasa.

Dada akarudi hewani. "Ameinuka mwenyewe. Sijui mara ya mwisho ilikuwa lini kuinuka bila kushikwa. Yuko mlangoni saa hizi. Lakini umesikia alivyosema."

"Nimesikia."

"Anamngoja baba. Ukija kwa ndege utaingia ukiwa wewe. Ukibahatika ikawa siku njema, atakujua. Ukija na hilo gari, kwake atakuwa amefika baba."

Jioni hiyo alimweleza mkewe yote. Mkewe alikuwa ameshaulizia nafasi kwenye ndege ya kesho, wamemwekea, wanangoja neno lake tu. Begi dogo lilikuwa kitandani: mashati, mswaki, sweta alilomfumia mama mkwe kwa mkono wake. Hakurudia ile mizaha ya kopo na jeneza. Alikunja sweta, akalikunjua, akalikunja tena.

"Wewe unataka nini?" akamuuliza.

"Nataka aniite Mziwanda. Mara moja tu. Hata akisahau papo hapo."

"Na yeye anataka nini?"

Fundi aliinamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza injini ya mbali. Mkewe akanyanyuka. Akaenda kabatini, akarudi na blanketi zito na chupa kubwa ya chai, akaviweka kando ya begi. Vitu hivyo havina kazi kwenye ndege.

"Ukisinzia, simama," alisema. "Usishindane na usingizi, una wajukuu wa mama yako wa kulea."

Basi akashika barabara. Kila kituo cha mafuta alichosimama, alitokea msamaria mwema. "Mzee, bomba lako limekufa. Kuna fundi mzuri pale nyuma ya soko." Naye alishukuru, akasema atampitia akirudi. Katikati ya nchi kishikizo cha bomba kilikatika, likaanza kuchora lami. Alilala chini ya gari kando ya njia, malori yakimpita na upepo wao, akalifunga kwa waya, akafunga taratibu ili mlio usibadilike. Miji ilimpita, vilima vikawa tambarare, tambarare ikawa vilima. Alipokuwa akipunguza mwendo, aliogopa kwamba dakika hiyo hiyo mama anasahau kitu kingine. Alipokuwa akiongeza, aliogopa bomba. Na kati ya hofu hizo mbili alikuwa akimwaza mama, siyo yule wa kwenye simu bali yule aliyemkunja vidole juu ya ufunguo, na aliona kwamba alikuwa amemkosa miaka mingi kabla mama hajaanza kumsahau yeye.

Alifika jua likiwa limelegea. Kwenye njia panda alipunguza gia, pikapu ikakohoa. Alipoiona nyumba, mlango ulikuwa wazi, na mama amesimama kizingitini, mkono mmoja kwenye fremu. Dada yake alikuwa nyuma, amejiziba mdomo kwa kanga.

Akazima moto. Akashuka. Mama alimsogelea polepole, akampangusa vumbi begani kwa kiganja, akaiweka sawa kola ya shati lake.

"Umerudi," alisema.

"Nimerudi," akasema Fundi. Na hapo hakuwa amemdanganya mtu.

Mama alitabasamu, uso mzima ukafunguka, uso ambao Fundi alikuwa hajauona tangu mazishi. Kisha macho yakavuka bega lake, yakaenda mpaka ndani ya pikapu, kwenye kiti cha pembeni, kile alichokuwa akikalia Fundi mwenyewe utotoni, akiandamana na baba yake. Kiti kilikuwa kitupu. Tabasamu likasita.

"Na Mziwanda wangu?" akauliza. "Umemwacha wapi?"

Jina lilikuwa limetamkwa. Mtu huyu alikuwa amevuka nchi nzima ili alisikie, na sasa amelisikia, kwa sauti ile ile, lenye mapenzi yale yale, anaulizwa alipo yeye mwenyewe. Dada alimtazama. Mama alikuwa akingoja, kiganja bado kiko kwenye kola.

Ndugu zangu, ungekuwa wewe umesimama pale, ungemjibu nini?